Kasa Haokolewi kwa Kuhesabu Mayai

Kuna imani iliyokwisha kuwa kama amri katika nchi hii: ukitaka kumwokoa kasa, linda yai lake. Utaisikia redioni, utaikuta kwenye vitini vya wanafunzi na kwenye hotuba za viongozi wanaoalikwa ufukweni kushuhudia vifaranga vya kasa vikitoka mchangani. Picha ni ileile kila mwaka. Mgeni rasmi amechuchumaa, watoto wa shule wamejipanga mistari miwili, na katikati yao vifaranga vyeusi, vidogo kuliko kiganja, vinatambaa kuyafuata mawimbi. Kesho yake idadi inatangazwa. Vifaranga kadhaa vimeingia baharini, kwa hiyo kasa anaongezeka, kwa hiyo kazi imefanyika.

Mimi nasema kazi haijafanyika, na kwamba idadi hiyo, pamoja na uzuri wake, imetufumba macho tusione mahali kasa anapofia. Nasema haya nikiwa Utemini, katika Manispaa ya Singida, karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka baharini, na najua nitakaloulizwa kwanza: wewe mtu wa bara, kasa unamjulia wapi? Swali hilo nitalijibu, ila hoja itangulie.

Tuanze na yai lenyewe, maana wanaoliabudu hawakosei kulishangaa. Kasa wa kijani, ambaye ndiye anayetaga kwa wingi kwenye fukwe zetu za Mafia, Pangani, Kigamboni na Mtwara, hupanda nchi kavu usiku. Hupita alama ya maji kujaa, hujisawazishia kitanda kwa mapezi ya mbele, kisha huanza kuchimba kwa mapezi ya nyuma, kwa zamu. La kulia huteka mchanga na kuutua kando, la kushoto hufuata, bila yeye kuona anachokifanya huko nyuma, mpaka shimo lifike kina ambacho pezi halifikii tena. Humo hudondosha mayai mia na ushei, meupe, ya duara, yenye gamba laini lisilovunjika yanapoangukiana. Hufukia, huparaza mchanga huku na huku kuficha alama, kisha huuburuta mwili wake wa kilo mia na zaidi kurudi majini. Baada ya wiki mbili hivi hurudi tena. Katika msimu mmoja hutaga mara tatu, nne, hata tano. Halafu hupotea ufukweni kwa miaka miwili hadi minne.

Kwa sababu ya wingi huo, watu hufikia hukumu mbili zinazoonekana kupingana. Mmoja husema: mnyama anayetaga mayai mia nne au mia tano kwa msimu hawezi kwisha, tuacheni tule. Mwingine husema: tukiyalinda mayai yote, bahari itajaa kasa. Wa kwanza tunamwita mharibifu na wa pili tunamwita mhifadhi, lakini wote wawili wameanguka katika shimo moja. Wote wanaamini kwamba utajiri wa kasa umo ndani ya yai.

Hebu tupige hesabu. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba katika mayai elfu moja, kasa mmoja tu ndiye anayefikia umri wa kuzaa. Wengine huliwa na kaa, ndege, kenge na samaki, au hufa tu kama wanavyokufa viumbe wachanga baharini. Chukua jike anayetaga mara nne kwa msimu, mayai 110 kila mara. Hayo ni mayai 440. Msimu wake mzima haumpatii hata mrithi mmoja. Ili aache wawili, mmoja wa kushika nafasi yake na mwingine ya dume lake, anahitaji mayai yapatayo 2,000, yaani misimu mitano hivi. Akipumzika miaka mitatu kati ya msimu na msimu, kuanzia mara ya kwanza anapopanda ufukweni hadi msimu wa tano ni miaka 12. Na huyo aliyepanda mara ya kwanza alikwisha kuishi miaka 25, 30, pengine 40 kabla ya kupevuka. Basi kasa anayekufa wavuni akiwa na miaka 30 hajafa peke yake. Amekufa na miongo mitatu ya bahati ambayo wenzake 999 hawakuipata, na amekufa kabla hajalipa.

Watu wa Singida tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine, kwa sababu kuku wetu wa kienyeji wanajulikana hadi Dar es Salaam. Nenda stendi alfajiri ukaone matenga yanavyopakiwa. Mama wa Utemini anayefuga anajua anachouza na asichouza. Jogoo atauza, tembe wa ziada atauza, mayai mengine atakaanga na mengine ataachia kuku aatamie. Mtetea anayejua kulea, anayetoa vifaranga kumi na kuvipitisha mwewe na kicheche mpaka vikaota manyoya, huyo hauzwi hata mgeni akitoa bei ya kumtoa mate. Mdondo ukipita bandani na kumwachia mayai trei nzima lakini ukamwulia mitetea yote, hatasema amebakiwa na mtaji. Na kuku wake huyu hupevuka kwa nusu mwaka tu. Hasara ya mtetea huzibika kabla ya mavuno mengine. Hasara ya kasa jike mtu huzaliwa, akasoma, akaoa, akapata watoto, bado haijazibika.

Haya si mawazo ya kijiweni. Mwaka 1987 Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walichapisha katika jarida la Ecology hesabu ya maisha ya kasa aina ya duvi wa pwani ya kusini mashariki mwa Marekani. Waliyagawa maisha yake kwa hatua, kuanzia yai hadi jike mzoefu, wakaangalia ni hatua ipi ukiigusa idadi inapanda. Jibu lao liliwaumiza wengi waliokuwa wamekesha fukweni kwa miaka. Hata kama kila yai na kila kifaranga kingepona mwaka wake wa kwanza, bila kufa hata kimoja, duvi wangeendelea kupungua. Lakini ukipunguza vifo vya kasa wakubwa ambao bado hawajapevuka, idadi inageuka na kuanza kupanda. Na wakubwa hao walikuwa wanafia kwenye nyavu za meli za kamba. Hapo ndipo hoja ya kuweka kichujio cha vyuma na mlango wa kutokea kasa ndani ya nyavu hizo ilipopata nguvu. Ni karibu miaka arobaini sasa. Sisi bado tunapiga picha na vifaranga.

Kwetu, meli za kamba zilisimamishwa mwaka 2007. Muuaji aliyebaki ana jina ambalo kila mvuvi analijua: jarife. Ni wavu wa macho makubwa unaotegwa chini ya bahari kumngoja papa na taa, na huachwa huko usiku kucha, wakati mwingine zaidi. Kasa hapumui majini. Akiwa ametulia usingizini anaweza kukaa chini saa kadhaa kwa pumzi moja, kwa sababu mwili wake umelegea na moyo umepunguza mwendo. Akinasa ni habari nyingine. Pezi la mbele likiingia kwenye jicho la wavu yeye hulivuta, na kadiri anavyolivuta ndivyo uzi unavyojisokota penye kiungo. Anapapatika, na kupapatika kunakula ile hewa ambayo ingemtosha saa nzima na zaidi. Juu yake kuna mita chache tu za maji. Mvuvi akija asubuhi kuvuta anakuta mzigo mzito usio samaki, macho yamevimba, kamba zimekata ngozi ya shingo. Hakumtaka. Mara nyingi humkatia wavu kwa hasara. Mara nyingine nyama hufika kijijini kimyakimya.

Kifo hiki hakina mgeni rasmi. Hakitokei ufukweni ambako kuna mlinzi wa kiota mwenye daftari. Hakipigwi picha. Ndiyo maana naishambulia ile idadi ya vifaranga: inahesabu kinachoonekana na kuacha kinachoamua.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya viota haiwezi kulisema. Tanzania ina viota vya kasa mamia tu kwa mwaka. Kisiwa kimoja cha Komoro, Mwali, hupandwa na kasa kwa maelfu. Lakini kasa hali mahali anapotaga. Majani ya bahari na miamba ya matumbawe kuanzia Rufiji na Mafia hadi Mtwara ni malisho. Kasa waliofungwa vibandiko vya utambulisho Komoro na Shelisheli, na duvi waliofungwa vibandiko Afrika Kusini, wamepatikana katika maji yetu. Maana yake ni kwamba jike aliyelindwa na walinzi wa Mwali, aliyetaga salama huko, huja kula kwetu na kufia kwenye jarife letu. Katika ripoti zetu hayumo. Kiota chake hakikuwa chetu, na kifo chake hakikuandikwa. Kwa hiyo wajibu mkubwa wa nchi hii kwa kasa uko majini kuliko mchangani, nasi tumewekeza macho yetu yote mchangani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: mbona kasa wa kijani amepona? Ni kweli kwamba Oktoba 2025, kwenye mkutano wa Abu Dhabi, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilimwondoa kasa wa kijani kwenye kundi la walio hatarini kutoweka na kumweka kwenye kundi la wasiotia wasiwasi mkubwa, baada ya idadi yake duniani kuonekana imepanda kwa kiasi cha asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Nilifurahi. Lakini waulizeni wanaoshangilia: alipona wapi, na kwa njia gani? Mfano wa karibu yetu ni Aldabra, kisiwa cha Shelisheli. Huko kasa hakuwa akimalizwa kwa mayai. Majike wazima ndio waliokuwa wakigeuzwa chali ufukweni na kuchinjwa kwa ajili ya nyama na biashara, mpaka wakabaki wachache. Mwaka 1968 uchinjaji ulipigwa marufuku. Hakukuwa na ulazima wa kuhamisha mayai wala sherehe ya kuachia vifaranga. Waliachwa wazima wasiuawe, basi. Miaka ikapita, na idadi ya wanaopanda kutaga imeongezeka mara kadhaa. Ushahidi huo ni wa upande wangu.

Na tusisahau kwamba habari ya dunia nzima si habari ya kila ufukwe, wala ya kila kasa. Ng'amba, ambaye magamba yake yalikuwa yakisafirishwa kutoka pwani hii tangu enzi za bandari ya Rhapta, karibu miaka elfu mbili iliyopita, bado yuko kwenye kundi la walio hatarini kabisa.

Wapo watakaonitajia Terengganu, Malaysia, na hao nawaheshimu zaidi, kwa sababu mfano wao una uzito. Huko kasa wa ngozi, mkubwa kuliko wote, alikuwa na viota zaidi ya 10,000 kwa mwaka katika miaka ya 1950. Mayai yalikusanywa karibu yote, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya kuliwa, na leo kasa huyo amekwisha karibu kabisa kwenye fukwe zile. Kwa hiyo yai lina maana; sijasema halina. Ufukwe usiotoa hata kifaranga kimoja kwa miaka thelathini utakufa, hata baharini kukiwa shwari. Lakini someni hadithi hiyo mpaka mwisho. Terengganu walianza kuatamia mayai kwenye mabanda ya ulinzi tangu 1961, wakaachia vifaranga kwa mamia ya maelfu, na bado kasa wakaisha, kwa sababu sehemu iliyookolewa ilikuwa ndogo na wakubwa walikuwa wanafia kwenye nyavu za bahari kuu. Tena ikaonekana kwamba mchanga wa mabanda ulikuwa na joto kiasi kwamba karibu vifaranga vyote vilikuwa majike.

Hilo la joto linastahili kusemwa wazi, maana wengi wanaotetea mabanda ya mayai hawalitaji. Kasa hazaliwi na jinsia iliyopangwa tangu yai linapotungwa. Joto la mchanga katika siku za katikati ya uatamizi ndilo linaloamua. Karibu na nyuzi 29 hutoka mchanganyiko. Chini yake huzidi madume, juu yake huzidi majike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu kasa wa kijani wa kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga waliotoka kwenye fukwe hizo zenye joto ni majike. Basi anayetangaza vifaranga elfu bila kutaja mchanga wao ulikuwa na joto gani, hajatuambia hata kama vifaranga hivyo vitapata wenza.

Nisieleweke vibaya kuhusu wanaolala ufukweni. Tangu mwaka 2001, vijana wa vijiji vya Mafia wamekuwa wakizunguka usiku kulinda viota katika mpango ulioanzishwa na watu waliokuja kuunda shirika la Sea Sense, na fukwe ambazo zamani karibu kila kiota kilifukuliwa sasa zinatoa vifaranga. Kazi hiyo ni ya heshima, iendelee. Wao wenyewe wanajua habari ya jarife kuliko mimi. Lawama yangu inatuangukia sisi tulio nyuma yao, tunaofundisha, tunaoandika na tunaogawa fedha, tuliochukua sehemu moja ya kazi yao, ile yenye picha nzuri, tukaifanya ndiyo uhifadhi wote.

Na kwa nini tuliipenda sehemu hiyo? Kwa sababu yai halibishani. Kumlinda kasa majini ni lazima ukae na mwenye jarife, mtu anayedaiwa mafuta ya boti na ada ya shule, umwambie chombo chake halali kina tatizo. Hilo ni zito, na viongozi hawapendi mazito. Ni rahisi kumwambia mtoto wa shule apige makofi.

Lakini zito si sawa na lisilowezekana. Watamu, nchini Kenya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mvuvi akinasa kasa hupiga simu, watu huja, kasa hupimwa, hufungwa kibandiko na kuachiwa, naye mvuvi hupewa kiasi kidogo cha kumfidia muda na usumbufu. Yapo mabishano kuhusu fedha hizo, na ni mabishano ya haki, ila kasa aliyeachiwa ni mzima. Huko Mexico na Peru wamejaribu kufunga taa ndogo kwenye nyavu za usiku. Kasa walionasa walipungua kwa takriban asilimia 40 kwa wa kwanza na zaidi ya asilimia 60 kwa wa pili, na samaki waliotakiwa hawakupungua. Jarife hulala majini usiku. Nani ametengewa fedha za kulifungia taa kutoka Kilwa hadi Msimbati?

Gharama ya kutomtazama kasa mkubwa haiishii kwa kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa. Novemba 2021, Pemba hiyohiyo, walikufa saba. Sumu hiyo hukusanyika mwilini mwa kasa kwa njia ambayo sayansi haijaimaliza kuieleza, haiondoki kwa kupika, na huwaonea zaidi watoto. Kasa yule aliyeliwa Panza hakuwa yai. Alikuwa mzima, amenaswa, amegawanywa majirani kwa majirani kwa ukarimu wa kisiwani. Bango la kulinda mayai lingewasaidia nini watu wale?

Sasa lile swali la mtu wa bara. Kuna jibu jepesi ambalo hutolewa shuleni kwetu: usitupe mfuko wa plastiki Utemini, utafika baharini na kumwua kasa. Jibu hilo si sahihi, nami sitalitumia hata kama linanipa faida. Mji wa Singida uko katika bonde la ndani. Maji yetu ya mvua huishia Singidani na Kindai, maziwa ya chumvi yasiyo na njia ya kwenda baharini. Plastiki yetu inawaumiza mbuzi wetu na ndege wetu, na hiyo ni sababu ya kutosha. Mtoto anayefundishwa uongo wenye nia njema, akija kuugundua, atautilia shaka na ukweli uliokuwa kando yake.

Kinachotuunganisha na kasa ni vitu viwili. Cha kwanza kimo kwenye mawe. Katika vilima vya mawe vya ukanda huu wa kati anaishi kobe chapati, bapa, mwepesi, anayejibanza kwenye nyufa, na ambaye hutaga yai moja tu kwa wakati mmoja. Alikusanywa kwa ajili ya wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia mpaka mwaka 2019 biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku na akatangazwa kuwa hatarini kabisa. Ndugu hawa wawili, mmoja wa mayai mia na mwingine wa yai moja, wanasimama kwenye nguzo ileile: mzima akae hai muda mrefu. Hakuna aliyewahi kupendekeza kumwokoa kobe chapati kwa kuhesabu mayai. Tulitambua upesi kwamba tatizo ni wale wanaobebwa kwenye masanduku.

Cha pili ni sheria. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009, zinazomlinda kasa, zilitungwa kwa niaba yetu sote. Doria ya baharini hulipwa na kodi ya muuza kuku wa hapa sawa na ya mwenye hoteli wa Mafia. Bunge linalopitisha bajeti ya uvuvi linakaa Dodoma, kilomita zipatazo 240 kutoka Utemini, karibu zaidi nasi kuliko lilivyo karibu na Kilindoni kule Mafia. Mbunge wa Singida anapiga kura ileile.

Basi wakati wa bajeti, kila ripoti inapotaja vifaranga vilivyoingia baharini, naomba mbunge wetu asimame aulize: katika mwaka huohuo ni majarife mangapi yamepewa leseni, ni kasa wakubwa wangapi wameokotwa wamekufa na nani aliwahesabu, na mvuvi aliyemkatia kasa wavu wake akamwachia hai alilipwa nini kwa ule wavu.